Leseni ya Bi Khairat

Mina binti Shuaibu alijifunza kudarizi kwa Bi Khairat, na hilo hakulikana hata katika zile siku mbaya. Alitoka Fukayosi baada ya kumaliza kidato cha nne, akafikia kwa mama yake mdogo pale Dunda, na huyo mama mdogo ndiye aliyempeleka kwenye duka la kanzu na mabaibui la Bi Khairat. Bi Khairat alimtazama mikono kabla hata ya kumwuliza jina.

"Mikono yako haina pupa," alimwambia. "Kaa hapo kwenye mkeka, unishikie uzi."

Bi Khairat alikuwa mjane asiye na mtoto. Watu wake ni Waarabu wa Kiomani waliouza vitambaa mjini Bagamoyo tangu enzi za babu yake. Ndugu zake walikwisha kutawanyika, wengine Dar, wengine Maskati, yeye akabaki na duka. Mwanzoni alidarizi kwa mkono. Baadaye Zayed, mtoto wa kaka yake anayefanya kazi Maskati, alimletea mashine ya darizi pamoja na laptopu yenye programu ya kuchorea. Ua unalichora kwenye laptopu, programu inaligeuza kuwa mishono, unalihamisha kwa flashi hadi kwenye mashine, na mashine inashona huku wewe umekaa unaitazama. Programu hiyo Zayed aliinunua kihalali kutoka kampuni ya ng'ambo, kwa jina la shangazi yake. Ilikuwa ghali kuliko laptopu iliyoibeba.

Bi Khairat alijifunza kuitumia kwa kuelekezwa kwenye simu, akikosea na kucheka. Aliyoyajua akamfundisha Mina. Haikuchukua muda mrefu Mina akawa anachora vizuri kuliko mwalimu wake, na Bi Khairat alikuwa wa kwanza kuwaambia wateja. "Shingo hii si yangu," angesema akionyesha kanzu. "Ya binti yangu huyu."

Ikafika wakati Mina akataka kusimama mwenyewe. Baba yake alikuwa amepata ufuta mzuri msimu ule, akamsaidia kununua mashine kuukuu ya darizi. Chumba cha biashara alikipata Dunda, mlango ukiitazama barabara. Lililobaki lilikuwa laptopu, na kumwambia Bi Khairat. Hilo la pili lilimtisha zaidi.

Alimwambia asubuhi moja wakiwa wanakunja mabaibui. Bi Khairat aliendelea kukunja lile lililokuwa mkononi mwake mpaka akalimaliza.

"Umekua," alisema. "Nilijua siku itafika. Zayed ananiletea laptopu mpya. Hii chukua wewe."

"Siwezi kuichukua bure, Bi."

"Basi nunua."

Alimtajia bei ambayo Mina aliona haya kuikubali, ndogo mno. Siku ya kuichukua, Bi Khairat aliipangusa vumbi kwa pembe ya kanga, akaifunga kwenye mfuko wake. Mina akauliza, "Na ile programu ya darizi, Bi?"

"Imo humo humo."

"Kwa hiyo nayo ni yangu?"

Bi Khairat alikuwa anahangaika na zipu ya mfuko. "Ifanyie kazi, mwanangu," alisema bila kuinua uso. "Mungu akufungulie."

Mina aliondoka na laptopu kifuani, na moyoni alikuwa amesikia ndiyo.

Kazi ilimfungukia kweli. Wanawake wa mjini walipenda michoro yake: maua ya mlangilangi yaliyopanda kwenye mkono wa baibui hadi bega, mistari ya kanzu iliyokutana kifuani kama vidole. Alikuwa hachori kitu kile kile mara mbili kwa wateja wa mtaa mmoja. Wanaume wa kamati za harusi walianza kumtafuta. Mama yake alipokuja kumtembelea kutoka Fukayosi na mfuko wa mihogo, alikaa mlangoni akawatazama wateja wakiingia na kutoka, akarudi kijijini akiwa na la kusimulia.

Kwa Bi Khairat mambo yalikuwa vingine. Laptopu mpya ilifika, lakini michoro iliyotoka dukani kwake ilikuwa ile ile ya zamani, iliyohifadhiwa kwenye flashi. Mwezi baada ya mwezi, shingo zile zile, mikono ile ile. Wateja wakaanza kusema kaishiwa. Wengine walisema mbele ya Mina, wakidhani wanamfurahisha, na ukweli ni kwamba walimfurahisha kidogo. Si sana. Lakini alikuwa hawakatazi.

Alipita kumsalimia siku moja ya Ijumaa.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba mwanangu. Ingia, ingia."

Walikunywa kahawa. Mina aliona joho lililotundikwa ukutani, la mchoro aliousaidia kuutengeneza alipokuwa bado mwanafunzi. Akauliza, "Mbona hutoi michoro mipya, Bi? Laptopu si mpya?"

Bi Khairat alicheka. "Macho yamechoka. Hii ya zamani inanitosha. Wewe chora, uzee wangu usikushughulishe."

Mina aliamini ni macho. Baada ya hapo alipita mara chache zaidi, maana kazi zilikuwa nyingi, na pia kwa sababu alianza kuona haya kumkuta mwalimu wake na duka lisilo na mteja.

Kisha akaja Bi Raya. Bi Raya alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho, na kwa miaka yote kazi za harusi za nyumba yake zilifanywa na Bi Khairat. Safari hii alikuja Dunda. Alitaka joho la bwana harusi, kanzu za wasindikizaji wake, na baibui la bibi harusi, vyote kwa mchoro mmoja ambao haujawahi kuonekana mjini. Mina alifanya kazi ya kuchora mpaka shingo ikamuuma. Bi Raya alipouona mchoro kwenye skrini, aliweka mkono kifuani.

"Huu huu," alisema. "Usibadili kitu."

Harusi ilikuwa imekaribia siku Mina alipofungua laptopu asubuhi na kukuta programu haifunguki. Kilitokea kisanduku katikati ya skrini, maneno ya Kiingereza, na chini yake jina: Khairat, pamoja na jina la baba yake. Alizima, akawasha tena. Kisanduku kile kile. Michoro yake aliiona imejipanga kwenye folda, jina kwa jina, lakini kila alipougusa mmoja kisanduku kilirudi.

Aliibeba laptopu hadi kwa Muhidini, fundi wa simu na kompyuta aliyekuwa na banda ng'ambo ya barabara. Muhidini alisoma, akabonyeza hapa na pale.

"Mashine yako nzima, dada," alisema. "Ni leseni. Imehamishiwa kompyuta nyingine."

"Leseni gani? Laptopu hii nimeinunua."

"Laptopu umeinunua, ndiyo. Programu ni kitu kingine." Muhidini alimvutia kiti. "Sikiliza. Mtu akinunua programu kama hii kwa kampuni, hanunui kitu cha kushika, ananunua ruhusa. Ruhusa inaandikwa jina lake, na ni ya kompyuta moja tu. Akiuza kompyuta, ruhusa haiendi na kompyuta mpaka yeye aiambie kampuni: sasa ni ya fulani. Asipofanya hivyo inabaki yake, na siku yoyote anaweza kuichukua akaiweka kwenye mashine yake nyingine. Ya kwako ikazimika, kama hivi."

"Kwa hiyo nani kaichukua?"

Muhidini alionyesha skrini kwa kidole. "Si jina lake hili hapa? Labda umwulize mwenyewe. Huenda amekosea."

Lakini Mina alikuwa amekwisha kusimama. Njia nzima kutoka Dunda mpaka dukani kwa Bi Khairat aliitembea kwa miguu, na kila hatua ilimkumbusha jambo. Bei ile ndogo. Zipu ya mfuko, na uso ambao haukuinuliwa. Mteja wa miaka yote aliyehamia kwake, na kazi kubwa iliyozimwa wiki ya mwisho. Alipofika alikuwa hana swali tena, alikuwa na jibu.

Dukani kulikuwa na watu. Mzee mmoja alikuwa anajaribu kanzu. Mwanamke anayeitwa Rukaya, jirani yake Mina wa Dunda, alikuwa anachagua vitambaa na mwenzake. Zayed, aliyekuwa amekuja likizo kutoka Maskati, alikaa nyuma ya meza. Mbele yake ilikuwa ile laptopu mpya, imefunguliwa, na kwenye skrini ilionekana programu ya darizi.

Bi Khairat alimwona akanyanyuka haraka. "Mina! Nilikuwa natoka sasa hivi kuja kwako. Hebu kaa, nikwambie..."

"Unikalishe nini, Bi Khairat?"

Hata salamu hakutoa. Mzee wa kanzu aligeuka.

"Uliniuzia gamba," Mina alisema. "Uliniuzia gamba, roho yake ukabaki nayo. Ukaniacha nifanye kazi, nipate jina, nichukue harusi ya Bi Raya, kisha unazima. Ungeniambia tu kwamba unanionea wivu."

"Mina, mwanangu, punguza sauti. Sivyo ilivyokuwa."

"Sivyo vipi? Jina lako lipo! Hiyo hapo iko mezani!"

Zayed alifungua mdomo. Bi Khairat alimshika mkono, akamnyamazisha. Mina alikiona kitendo kile, na akakielewa vibaya kama alivyoelewa vyote. Ndipo likamtoka lile neno. Hakulipanga. Lilikuwa limelala mahali fulani ndani yake, kama linavyolala ndani ya wengi waliozaliwa katika wilaya ile, na siku ile lilipata mlango.

"Ndivyo mlivyozoea nyinyi watu," alisema. "Sisi tufanye kazi, kamba mshike nyinyi. Babu zenu walitufunga shingoni, wewe unatufunga kwa kompyuta."

Nje pikipiki ilipita, sauti yake ikapungua hadi ikapotea. Bi Khairat alikuwa amesimama na mkono wake bado juu ya mkono wa Zayed. Uso wake haukuonyesha hasira. Ulikuwa kama uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake, mbele za watu, na aliyemwita ni mtu wa nyumbani.

"Nenda nyumbani, Mina," alisema kwa sauti ndogo. "Tutazungumza ukitulia."

Mina alitoka. Rukaya alimfuata hadi kwenye kona, akampiga bega. "Umempasha! Umesema ambayo wengine tunayameza." Mina aliongeza mwendo. Bado alidhani kinachomsukuma ni hasira.

Kazi ya Bi Raya ilikuwa bado inamngoja. Alirudi kwa Muhidini.

"Ipo ya kraki," Muhidini alisema bila furaha. "Ile programu, iliyovunjwa kufuli. Watu wanaitumia. Lakini sikudanganyi, dada, mimi huwa siiamini. Kwanza si halali. Pili, nyingine zimeharibiwa makusudi ili zikuumize. Ikikuharibia kazi usinilaumu."

"Iweke."

Ilifunguka. Mchoro wa Bi Raya ulitokea kwenye skrini, mzima kabisa, na Mina alivuta pumzi. Aliuhamisha kwenye flashi, akafunga kitambaa cha joho kwenye fremu ya mashine, kitambaa alichokileta Bi Raya mwenyewe kutoka Dar, akawasha. Mstari wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili vizuri. Aliondoka kidogo kwenda kuongea na mteja mlangoni. Aliporudi, sindano ilikuwa inapiga mahali pamoja, inapiga na kupiga, na uzi wa dhahabu umejazana kama kichuguu kifuani pa joho. Alikimbilia swichi. Sindano ilikatika kabla hajaifikia, na kitambaa kilikuwa kimetoboka.

Bi Raya alikuja, akalishika joho, akaingiza kidole kwenye tundu. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Mwanangu wa mwisho, Mina," alisema tu, "na nilimwacha Bi Khairat kwa ajili yako."

Kilichowezekana kilifanyika. Joho lilinunuliwa jingine, tupu. Kanzu na baibui Mina na mama yake mdogo walizidarizi kwa mkono, mstari mwembamba wa kawaida kuzunguka shingo, kwa kuwa muda haukutosha kwa zaidi ya hapo. Harusi ikapita. Watu walikula pilau, wakaimba, wakasema bibi harusi kapendeza. Mina hakwenda.

Zayed alimjia siku chache baadaye. Alikuwa kijana mrefu, mwenye adabu, na alisimama mlangoni mpaka alipokaribishwa. Mina alitaka kumfukuza. Aliona jinsi anavyoikunja na kuikunjua kofia yake mikononi, akamwacha.

"Dada Mina, mimi ndiye niliyezima laptopu yako," alisema. "Si shangazi."

Mina alikaa.

"Nilipofika likizo nilikuta laptopu mpya niliyomtumia haina programu ya darizi. Anafanya kazi kwa michoro ya kale kwenye flashi. Nikamwuliza, mbona hukuihamisha? Leseni ni moja, kompyuta ni moja, na ile nyingine umeiuza. Akaniambia, iache, iko kwa Mina, Mina anaanza maisha. Nikamwambia, lakini hiyo ni mali yako, nilikununulia wewe. Akaniambia tena, iache, Zayed." Alivuta pumzi. "Nilidhani haelewi tu. Nilidhani anaogopa teknolojia. Siku moja akaenda Kaole kwenye hitima, nikaona nimfanyie jambo la kumfurahisha. Namba ya leseni ninayo mimi, niliinunua kwa barua pepe yangu. Kampuni ikaniuliza, inatumika kwenye kompyuta nyingine, tuiondoe? Nikabonyeza ndiyo."

"Na yeye?"

"Aliporudi jioni nikamwonyesha. Sijawahi kumwona vile. Akaniuliza, na ya Mina je? Nikamwambia itazimika. Akanitaka niirudishe pale pale. Nikajaribu, kampuni ikakataa, wanasema haiwezi kuhamishwa tena mpaka muda upite. Akasema asubuhi atakuja kwako mwenyewe akueleze, na tuwaandikie. Tulikuwa tunawaandikia ulipoingia."

Mina alikumbuka ule mkono uliomshika Zayed. "Kwa nini alikunyamazisha?"

"Kulikuwa na watu. Hakutaka niaibike mbele yao." Zayed aliitazama kofia yake. "Amewaandikia kampuni kwamba leseni sasa ni yako, kwa jina lako. Haya ameyafanya baada ya siku ile, si kabla. Nilimwambia ngoja kwanza. Hakungoja. Kubadili jina la mwenye leseni wanaruhusu, wamekubali. Fungua barua pepe yako, utakuta maelekezo, programu itafunguka."

Mina hakuifungua. Michoro yake yote, wateja wake wote, sifa zote alizozipata tangu alipotoka kwenye ule mkeka, sasa alijua zilikuwa juu ya nini. Bi Khairat alikaa na michoro ya kale, akasemwa kaishiwa, akapoteza wateja mmoja mmoja, na wengine walihamia hapa, kwenye chumba hiki, wakamkuta Mina akitabasamu.

Alikwenda nyumbani kwa Bi Khairat siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Si dukani, duka lilikuwa limefungwa. Nyumba ilikuwa na masanduku ukumbini. Bi Khairat alimfungulia mlango mwenyewe.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba. Karibu."

Alimkaribisha kwenye kiti, si kwenye mkeka walikozoea kukaa. Kahawa ililetwa kwa sinia. Mina alishindwa kuishika. Aliteremka kwenye kiti akapiga magoti, akaanza kulia kabla ya kusema neno.

"Inuka, Bi Mina. Inuka, usifanye hivyo."

Bi Mina. Hakuwa amewahi kumwita hivyo.

"Nisamehe. Sikujua. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Ungejuaje, na mimi sikukwambia?" Bi Khairat alikaa, akapitisha mkono kwenye magoti yake kama anayenyoosha kitambaa. "Kosa la kwanza ni langu. Siku ile uliponiuliza, nayo ni yangu, ningekujibu wazi: laptopu ni yako, programu bado iko kwenye jina langu, nakuazima mpaka upate yako. Maneno mepesi kabisa. Lakini niliogopa utakataa. Nilitaka uondoke pale ukijiona una chako, hujabeba cha mtu. Nikaona nikinyamaza ndio nimekupenda zaidi. Tena ningeweza kuwaandikia kampuni tangu mwanzo, nikakupa moja kwa moja. Nilisema nitafanya kesho, nitafanya Zayed akija. Kuna siku niliona mchoro wako mmoja, nikatamani na mimi kuchora, nikasema labda nitaihitaji. Na mimi ni mtu. Sikukupa, sikukunyima. Nikakuacha katikati."

"Usiseme hivyo, Bi. Kosa ni langu, na yale niliyosema..."

"Hayo nimeyasamehe." Alisema haraka, kisha akaisogeza sinia pembeni. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Nimeyasamehe kwa Mungu. Lakini, Bi Mina, mimi nimezaliwa mji huu. Mama yangu kazikwa hapa. Babu zangu walifanya nini, kuna niliyoambiwa na kuna nisiyoambiwa, na usiku mwingine nimekaa nikafikiria. Sijawahi kujifanya hayakuwepo. Nilidhani tu kwamba wewe na mimi, pale kwenye mkeka, tulikuwa watu wawili wanaoshona. Kumbe ulikuwa unaniona hivyo siku zote?"

"Hapana! Hapana, Bi. Ilikuwa hasira."

"Labda," Bi Khairat alisema. "Labda ni hasira."

Mina alitafuta cha kusema kitakachofikia mahali lile neno lilipofika. Kila alilofikiri lilikuwa dogo. Kahawa ilipoa. Baadaye alijua kwamba Bi Khairat anahamia kwa dada yake Tanga, na kwamba alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu biashara ilipolegea. Haikuwa kwa sababu ya siku ile peke yake. Bi Khairat mwenyewe ndiye aliyemwambia hivyo, mlangoni, kama mtu anayempa mgeni wake kitu cha kumpunguzia njia. Walishikana mikono. Bi Khairat alimwombea dua, dua nzuri, yenye maneno yote.

Alihama mwanzoni mwa mwezi uliofuata. Duka likachukuliwa na watu wa vifaa vya simu, wakapaka kuta rangi ya buluu.

Mina alifungua barua pepe hatimaye, akafuata maelekezo, na programu ikafunguka. Safari hii kisanduku cha mwanzo kiliandika jina lake yeye. Michoro yake yote ilirudi. Aliweza kuchora tena, na kwa kuwa ilibidi kula, alichora. Bi Raya hakurudi, lakini wengine walikuja. Sikukuu ya Idi alimtumia Bi Khairat salamu kwenye simu, salamu ndefu aliyoiandika na kuifuta mara nyingi. Jibu lilikuja jioni: nanyi pia, Mungu awajaalie kheri. Kila Idi tangu hapo anatuma, na kila Idi anajibiwa hivyo.

Siku moja Rukaya aliingia na kitambaa cheusi, na ndani kulikuwa na wanawake wengine wawili wanasubiri. Rukaya aliwageukia kabla hata hajakaa.

"Huyu mnayemwona mpole hivi," alisema, "siku ile alimpasha yule Mwarabu mbele ya watu. Kamba mshike nyinyi! Mimi nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Mpaka leo nawasimulia watu."

Wanawake walicheka. Mmoja alisema alikwisha kusikia habari hiyo hata kule kwao Kiromo.

"Nilimkosea," Mina alisema.

"Aa, wewe nawe!"

"Nilimkosea, Rukaya. Hakufanya lolote. Programu ilikuwa ya kwake, alikuwa ameniachia niitumie. Alikaa bila kazi ili mimi nifanye kazi. Aliyezima ni Zayed, kwa bahati mbaya, na Bi Khairat alikuwa anatafuta namna ya kunirudishia saa ile ile nilipoingia kumtukana. Baadaye akanipa kabisa. Hii ninayochorea sasa ni yake, yeye ndiye aliyenipa."

Aliwaeleza yote, tangu siku ya kununua laptopu. Alieleza leseni ni nini, na kwa nini kununua kompyuta ya mtu si kununua kila kilichomo. Alifika mahali pa mkono uliomshika Zayed. Wanawake wawili walikuwa wanasikiliza kwa heshima. Rukaya alikuwa anatazama vitambaa ukutani.

"Haya, ndiyo mambo ya dunia," alisema Mina alipomaliza. "Lakini ulisema vizuri, jamani. Ulisema!" Akatandaza kitambaa chake mezani. "Sasa hili baibui langu utanipa lini? Nataka maua yapande mpaka hapa."

Mina akachukua futi, akamwambia ageuke, akaanza kumpima mabega.